Hatua ya Saba, Mkono wa Kushoto wa Sufuri

Mwaka 2017, mwezi wa Machi, mvua za masika zilipokuwa zimeanza kushuka kila alasiri kama ilivyo kawaida ya milima yetu ya Gusii, mimi nikiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, nilichora ardhini mstari uliokaribia kunipokonya kazi na jina. Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia madarasani sasa. Naomba msome hadi mwisho kabla ya kunihukumu, kwa maana waliotangulia kunihukumu waliona nusu ya jambo.

Nilikuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya upili ya kutwa upande wa Nyamira, ambayo sitaitaja. Imekaa mgongoni mwa kilima, mashamba ya chai juu yake, migomba chini yake, na kati ya saa moja na saa mbili asubuhi ukungu huifunika kiasi kwamba ukisimama langoni huoni mlingoti wa bendera. Kiwanja kilitolewa mwaka 1998 na Mzee Momanyi, ambaye kwa sababu hiyo alikuwa mwenyekiti wa bodi, na kwa sababu hiyo hiyo alikuwa akiingia afisini bila kubisha.

Lazima niwaeleze kwanza kwa nini mwalimu mtu mzima alikuwa nje akiwatembeza wanafunzi badala ya kukaa darasani. Mimi niliingia darasa la kwanza Januari 1972, nikiwa na miaka kumi. Wenzangu walikuwa wa miaka sita. Goti langu halikuingia chini ya dawati. Nilikuwa nimekwisha kubeba vikapu vya majani chai hadi kituoni kwa miaka mitatu, na hesabu nilizozijua zilikuwa za miguu: hatua mia nne hadi mtoni, hatua mia tisa na ishirini hadi kituo cha chai. Mwalimu alipoandika ubaoni, sikuelewa. Alipotuambia tutoke nje tukahesabu hatua, niliwashinda wote. Tangu siku hiyo niliamini kwamba kichwa kikikataa hesabu, iulizeni miguu.

Mwalimu aliyenifunza kazi katika majaribio yangu ya ualimu, mwaka 1984, alikuwa Mzee Ondieki, mtu mkavu aliyevaa tai hata akipalilia. Alinitazama nikiwafundisha watoto pembe kwa kuwazungusha uwanjani macho yakiwa yamefumbwa. Wanne walitumbukia kwenye mtaro. Baadaye akaniambia, "Binti, somo lako ni zuri. Lakini kabla ya kumtembeza mtoto, tembea wewe kwanza. Ijue ardhi." Nilicheka. Kwa miaka thelathini na mitatu nilidhani alikuwa anazungumza juu ya mitaro.

Sasa njooni kwenye mstari. Mada ya nambari kamili, yaani chanya na hasi, huwatesa wanafunzi wa kidato cha kwanza kuliko nyingine yoyote. Mwambie mtoto kwamba tatu kuondoa hasi nne ni saba, atakuitikia kwa heshima na kukuona mwongo. Dawa yake ni hii. Choreni mstari ardhini wenye alama ishirini na moja, sufuri katikati, chanya mkono wa kulia, hasi mkono wa kushoto. Nafasi kati ya alama na alama iwe sentimita sitini. Pimeni kwa kamba yenye mafundo, si kwa macho. Msitumie chokaa, huchoma macho kukiwa na upepo. Mimi nilitumia unga wa jiwe la sabuni, lile jiwe laini la kuchongea vinyago, ambao wachongaji wa mji wa Tabaka huutupa bure. Mwanafunzi husimama kwenye nambari ya kwanza. Alama ya kujumlisha ikimjia, hutazama kulia. Ya kuondoa, hutazama kushoto. Kisha nambari ya pili ikiwa chanya huenda mbele; ikiwa hasi, hurudi kinyumenyume. Basi, tatu kuondoa hasi nne: simama kwenye tatu, geuka utazame kushoto, rudi kinyumenyume hatua nne. Utajikuta kwenye saba, na hakuna tena wa kukudanganya.

Mliokulia kwetu mmekwisha kuliona kosa langu. Ni nani, katika hadithi za bibi zenu, anayetembea kinyumenyume asubuhi na mapema katika ukungu, akiwa na unga mweupe miguuni? Ni omorogi, mchawi, na hakuna mwingine. Nami nilikuwa nao arobaini na wawili.

Nilianza Jumatatu, tarehe 6 Machi. Nilihitaji mahali palipo wazi kwa sufuri, na nyuma ya maabara palikuwa na jiwe bapa lililozama kwenye nyasi, limelainika katikati kana kwamba limekanyagwa miaka mingi. Nikalifanya lile kuwa sufuri. Tulifyeka nyasi upande huu na upande huu, tukachora. Mvua ya alasiri iliufuta mstari, nasi tukauchora tena asubuhi iliyofuata, na kila asubuhi kwa siku nane.

Katika siku ya tatu niliona jambo ambalo sikuliandika katika azimio la kazi. Wanafunzi walipokwenda upande wa chanya walipiga kelele na kusukumana. Walipokwenda upande wa hasi walinyamaza, na walipofika karibu na hasi saba hatua zao zilibadilika mlio. Kwingine mguu ulisema ta, ta, ta. Pale ulisema kitu kizito zaidi, kama mtu akipiga godoro kwa kiganja.

Jumatano, tarehe 15 Machi, ilikuwa zamu ya msichana aitwaye Bosibori, mjukuu wa Mzee Momanyi. Alikuwa mtoto mtulivu wa miaka kumi na minne, aliyepewa jina la mama yake mzee huyo kama ilivyo desturi yetu ya kuwarudisha waliotangulia kwa majina. Babu yake hakumwita Bosibori. Alimwita "mama," mbele za watu, na kumwamkia kwa heshima.

Nilimpa mbili kujumlisha hasi kumi. Alisimama kwenye mbili, akatazama kulia, akaanza kurudi kinyumenyume. Moja, sufuri, hasi moja. Ukungu ulikuwa mzito. Wenzake mwishoni mwa mstari walikuwa vivuli tu. Kwenye hasi sita alisimama, mgongo ukielekea hasi saba, mguu mmoja ukiwa hewani.

"Ameishiwa na petroli," akasema mvulana mmoja nyuma.

"Msukumeni, atawaka," akadakia mwingine, nao wakacheka kidogo.

"Bosibori," nikasema, "bado hatua mbili."

"Mwalimu, hapo sikanyagi."

"Kwa nini?"

"Sijui. Mguu umekataa."

Uso wake ulikuwa na jasho ilhali sisi wote tulikuwa na baridi. Kicheko kikaisha bila mtu kukikataza. Katika kazi hii nimejifunza kwamba mwili wa mtoto ukikataa, una sababu ambayo mdomo wake bado haujaipata, asisukumwe. Nikamwambia, "Basi rudi mbele, uje kwangu." Akaja, akanishika mkono, na mkono ule ulikuwa wa moto kama chungu.

Siku iliyofuata hakuja shuleni. Wiki ile hakuja. Hospitalini walisema ni malaria, lakini malaria haina utamu wa kusimuliwa. Kilichosimuliwa sokoni ni kwamba Mwalimu Kemunto, mjane, amewatembeza watoto kinyumenyume asubuhi katika ukungu, na kivuli cha mmoja wao kimebaki kwenye mstari. Ndipo watu wakakumbuka kwamba mume wangu alifariki ghafla, tarehe 11 Agosti 2009, akiwa mezani, kijiko mkononi. Miaka minane hawakuwa wamelisema hilo nikisikia. Wazazi wanne waliwaondoa watoto wao. Nisiwafiche: kwetu, mjane mwenye umri wangu akiitwa jina hilo hadharani, anaweza kuchomewa nyumba naye akiwa ndani.

Mzee Momanyi aliingia afisini bila kubisha. Mwalimu mkuu aliniita baadaye, hakunitazama machoni. "Mwalimu, acha huo mchezo mpaka bodi ikae."

"Si mchezo, ni mada ya pili."

"Iache hata kama ni ya kwanza."

Nikaiacha. Jumapili, tarehe 2 Aprili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilifungua mlango wangu nikakuta mstari mweupe umechorwa kutoka kizingitini hadi langoni. Ulikuwa umenyooka kuliko nilivyoweza kuunyoosha mimi. Juu yake palikuwa na nyayo za miguu mitupu, na zote zilielekea langoni. Hakukuwa na nyayo za kuja. Ama mtu alikuwa ametoka nyumbani mwangu, nami nalala peke yangu na mlango nilikuwa nimeutia komeo; ama mtu alikuwa ameingia kinyumenyume, polepole, hadi kwenye mlango wangu, akasimama hapo mgongo ukiugusa, kisha akaondoka kupitia nyasini.

Mwalimu wa hisabati hana namna nyingine ya kuogopa. Nilichukua kamba yangu nikapima. Hatua zilikuwa thelathini na moja, na kila moja ilikuwa sentimita sitini kamili. Nikaufagia mstari wote, nikaoga, nikapika uji. Mpaka leo sijui ni nani. Nimewasahihishia madaftari watoto wa kijiji kile kwa miaka mingi na sikuweza kumfikiria hata mmoja mwenye hatua sawa namna ile.

Rafiki yangu shuleni alikuwa Mwalimu Atieno, wa kemia, mzaliwa wa upande wa ziwani, ambaye hakujua Ekegusii, lugha yetu, na hivyo tulizungumza Kiswahili. Nilipomsimulia, aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Dada, omba uhamisho."

"Nikihama, nitakuwa nimekiri."

"Ukibaki, utakuwa umekufa. Chagua lililo na mshahara."

Nilicheka, kwa mara ya kwanza mwezi ule. Lakini sikuandika barua ya uhamisho. Nilikuwa nimeanza shule nikichekwa kwa sababu ya goti. Sikuwa tayari kuimaliza nikikimbia.

Tulifungua muhula wa pili tarehe 2 Mei. Likizoni mvua ilikuwa imenyesha karibu kila siku, na nyasi zilikuwa zimerudi. Jumanne, tarehe 9 Mei, saa moja na robo asubuhi, Atieno alinifuata akaniambia nije nyuma ya maabara, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Mstari haukuwapo. Mvua ilikuwa imeuosha, nyasi zimefunika alama zote. Isipokuwa mahali pamoja. Mkono wa kushoto wa jiwe bapa, palipokuwa hasi saba, palikuwa na umbo jeupe ardhini, limelala kukatisha njia ya mstari. Upana wake ulikuwa kama wa mlango. Urefu wake ulikuwa wa mtu. Pembe zake nne zilikuwa safi, na ukungu ulipokuwa ukipita juu yake lilionekana kama shuka iliyotandikwa.

Nilichuchumaa nikaligusa. Ulikuwa unga wetu wa jiwe la sabuni, wa siku zote nane. Maji yalikuwa yameukokota kutoka kwenye mstari mzima na kuushusha pale, kwa sababu pale ardhi ilikuwa imetitia, kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni lakini maji huona. Na ardhi haititii kwa umbo la pembe nne isipokuwa iliwahi kuchimbwa.

Ndipo nilipogeuka nikalitazama jiwe langu la sufuri, lile lililolainika katikati. Lilikuwa jiwe la mlangoni. Nilikuwa nimeweka sufuri kwenye kizingiti cha nyumba ya zamani. Nanyi mnajua: ukitoka mlangoni, mwanamume huzikwa upande wa kulia, mwanamke upande wa kushoto. Kitabu cha hisabati na desturi ya Abagusii vilikuwa vimegawana kiwanja kile kwa namna moja, nami, mzaliwa wa hapa, niliisoma ya kitabu peke yake. Na kwenye ardhi ile, mwanamke wa nyumba kuukuu namna ile hakuwa mwingine ila mama yake Mzee Momanyi.

"Funika," akasema Atieno. Jembe la klabu ya kilimo lilikuwa limeegeshwa ukutani. "Majembe matano ya udongo, dada. Hakuna aliyeona."

Sitawaambia kwamba sikulishika lile jembe. Nililishika. Nikifunika, lawama yangu ingebaki ile ya kutembea kinyumenyume, ambayo ningeweza kuieleza. Nikisema, ningekuwa nimekiri kwamba niliwakanyagisha watoto arobaini na wawili juu ya kaburi la mama wa mwenyekiti wa bodi. Nilisimama pale mpaka kengele ya kwanza ikalia. Kisha nikaliegesha jembe ukutani na kumtuma mlinzi amwite Mzee Momanyi.

Alikuja saa tatu, ukungu ukiwa haujaondoka wote. Hakuniamkia. Nilimwonyesha kwa mkono. Alivua kofia. Akaenda akasimama juu ya jiwe bapa, akageuka kama mtu anayetoka nyumbani, akatembea kushoto hatua saba, akasimama ukingoni mwa lile umbo jeupe bila kulikanyaga.

"Mimi nilikuwa Kericho," akasema, akiliambia lile umbo, "nikichuma chai ya watu. Mwaka wa sabini na nne. Habari ilinifikia siku ya nne. Nilipofika walikuwa wamemaliza, na ndugu yangu alikuwa na hasira nami, hakunionyesha. Akafa naye hajanionyesha, nami nikadhani alimzika bomani kwake. Nikaigawa ardhi nisijue nimemgawa."

Kisha akanigeukia. "Nani alikuambia kwamba yuko hapa?"

"Hakuna, Mzee. Ni mvua."

"Mvua," akasema. Akavaa kofia akaondoka.

Sikuelewa maana ya jinsi alivyolitamka neno lile mpaka tarehe 24 Mei, barua ya bodi iliponifikia. Ilikuwa na mashtaka matatu. La kwanza, kuwatembeza wanafunzi kinyume cha maumbile. La pili, kukanyagisha kaburi. La tatu liliandikwa kwa uangalifu zaidi: nieleze nilijuaje mahali pa kaburi ambalo mwana wa marehemu mwenyewe hakulijua kwa miaka arobaini na mitatu. Bodi ingekaa Ijumaa, tarehe 16 Juni 2017, saa nne asubuhi, mbele ya afisa wa elimu kutoka Nyamira mjini.

Siku hiyo tulikuwa watu kumi na mmoja katika chumba cha walimu. Sikwenda na wakili. Nilikwenda na kamba yangu ya mafundo, rula na daftari la azimio la kazi lenye tarehe zote.

Afisa alikuwa kijana mwenye miwani. Aliuliza, "Mwalimu, ni lazima iwe kinyumenyume?"

"Simama kwenye ile fremu ya mlango, bwana, tuite hiyo tatu," nikamwambia. "Ondoa hasi nne."

Alisimama, nikamgeuza kushoto, akarudi nyuma hatua nne, akaligonga kabati kwa kisogo. "Saba," akasema, akijipangusa. Mzee wa kanisa aliyeketi pembeni akanong'ona kwamba serikali nayo imerogwa, na watu wawili wakacheka, kisha wakaacha walipomwona mwenyekiti.

Juu ya shtaka la tatu nilieleza maji na unga. Niliona kwamba nilieleweka na sikuaminiwa. Mzee Momanyi alikuwa ameketi, mikono juu ya bakora. Kisha akaomba mjukuu wake aitwe.

Bosibori aliingia akiwa amekonda, sare ikimning'inia. Babu yake alisimama alipoingia, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Mama," akamwambia, "waambie hawa. Siku ile, ulifanywa nini?"

"Sikufanywa kitu. Nilisimama."

"Kwa nini ulisimama?"

Alitazama dirishani. Nje ukungu ulikuwa umeshuka tena, na chumba kilikuwa kimeingia giza mchana ule. "Ardhi ilikuwa laini. Niliona kama nikikanyaga nitamwamsha mtu."

"Na mwalimu akakusukuma?"

"Hapana. Aliniambia nirudi mbele, nikaenda kwake."

Mzee aliniangalia machoni, mara ya kwanza tangu Machi. "Ni kweli ulimwambia arudi?"

"Nilimwambia."

"Wengine wote walipita juu yake. Huyu hukumpitisha."

"Sikuwa najua kitu, Mzee. Nilimtazama mguu tu."

Alikaa. Ndipo akasema maneno ambayo katibu aliyaandika, nami nina nakala yake. "Mama yangu hakusoma hata siku moja. Alikuwa akisema atakufa bila kuona ndani ya darasa. Hawa watoto wamemletea darasa mpaka mlangoni. Mimi sitamfukuza, na huyu mwalimu sitamfukuza."

Iliamuliwa, bila kupiga kura, kwamba kaburi lizungushiwe ua mdogo wa mawe. Kwamba mstari usogezwe hatua sita chini ya mteremko, uende sambamba na ua. Kwamba mashtaka yote matatu yafutwe. Na kwamba uamuzi huo usomwe kanisani na sokoni na mwenyekiti mwenyewe, ambaye aliusoma. Waliowaondoa watoto wao wakawarudisha. Niliendelea kufundisha mpaka nilipostaafu, tarehe 12 Novemba 2021.

Lakini siku ile ile ya Juni, kabla ya muhuri, katibu alisoma majina ya waliohudhuria, kumi na mmoja, na kumpa mwenyekiti karatasi atie sahihi. Mzee Momanyi aliisoma yote. Akaomba kalamu, akaongeza mwenyewe nambari kumi na mbili, kwa herufi kubwa, na kumrudishia.

Afisa aliitazama. "Bosibori. Huyu ni mwanafunzi tuliyemwita?"

"Huyo hakuwa mjumbe," akasema Mzee. "Huyu ni mwenye nyumba."

"Na mahali pa sahihi?"

"Paache wazi."

Afisa alimtazama Mzee, akanitazama mimi, kisha akatazama kiti kilichokuwa kitupu karibu na mlango. Akavuta muhuri, akaupiga karatasini, akaandika tarehe.